Ali Ahmad Bakathir na amana ya kusimulia tarehe

 

Wapenzi wasomaji, katika majumba yetu mengi siku hizi jioni haipiti bila ya watoto na wazee wao kuketi mbele ya televisheni wakifuatilia tamthilia za Kituruki zinazosimulia habari za Ertuğrul na mwanawe Osman. Watoto wanawajua mashujaa hao kwa majina, wanajua nani alimsaliti nani, na wakiulizwa wameyapata wapi hayo hujibu bila kusita kwamba hiyo ndiyo tarehe ya Uislamu. Hatuna ugomvi na burudani iliyo safi. Lakini yeyote anayeyachukua mambo ya kale na kuyasimulia kwa njia ya hadithi ya kubuni amebeba amana nzito, na anayemsikiliza naye anapaswa ajue ni wapi tarehe inakoma na ni wapi hadithi inaanza. Ili tulifahamu jambo hili tumeona bora tumtazame mtu mmoja aliyeubeba mzigo huo karibu umri wake wote, na akaubeba kwa kalamu, kabla televisheni haijaingia majumbani. Mtu huyo ni Ali Ahmad Bakathir.

Jina hili si geni katika pwani yetu. Wazee wa Unguja na Lamu wanamkumbuka Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, aliyezaliwa Lamu, akasomesha Unguja, akawa mwanafunzi na sahibu wa Sayyid Ahmad bin Sumayt, na akafariki mwaka 1925. Sheikh Abdallah alisafiri hadi Hadhramaut mwishoni mwa karne ya 19 kuzuru wanavyuoni na makaburi ya wema waliotangulia, na safari ile akaiandikia kitabu. Yeye na huyu tunayemzungumzia leo wanakutana katika ukoo mmoja, Bakathir wa kabila la Kinda, ukoo wa Kihadhrami uliotawanyika baina ya Bahari ya Hindi yote. (Wala asichanganywe msomaji na Ibn Kathir, yule imamu wa tafsiri. Huyo ni mtu wa Sham wa karne ya nane ya Hijria na hana uhusiano na hawa.)

Ali alizaliwa Surabaya, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, mwaka 1910, wakati nchi ile ikitawaliwa na Waholanzi. Wazazi wake walikuwa Waarabu wa Kihadhrami, na mila ya Wahadhrami wa ughaibuni ilikuwa ni kuwarudisha watoto wa kiume nyumbani wakiwa wadogo, ili wasome dini, wapate lugha, na wajue nasaba yao. Basi alipofikia umri wa miaka kumi hivi baba yake akampeleka Seiyun. Huko akasoma katika Madrasa ya Nahdha, na mwalimu wake mkubwa alikuwa ammi yake, Sheikh Muhammad bin Muhammad Bakathir, kadhi, mshairi na mjuzi wa nahau. Kijana akaanza kutunga mashairi akiwa na miaka kumi na mitatu, na kabla hajatimiza ishirini alikwisha kukabidhiwa usimamizi wa madrasa ileile aliyosomea.

Mwandishi wa namna hii, ndugu msomaji, hakutoka barabarani akaokota habari za Uislamu. Alikulia ndani ya vitabu vyake. Nahau, fiqhi, sira na mashairi ya kale vilimwingia mwilini kabla hajajua kuwa kuna kitu kinaitwa riwaya. Tunalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wenye kipaji wanaotujia wakitaka kuandika hadithi juu ya masahaba au makhalifa hawajasoma hata juzuu moja ya tarehe. Wanataka kuruka ukuta ambao Bakathir aliupanda ngazi kwa ngazi.

Akaoa mapema, kama ilivyo desturi ya kwao, na mke akafariki angali kijana. Msiba ule ulimvunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaondoka Hadhramaut, akapita Aden, akafika Somalia na Uhabeshi, kisha akakaa Hijaz. Alipokuwa Hijaz alizisoma tamthilia za ushairi za Ahmad Shawqi wa Misri, na hapo ndipo ulipofunguka mlango ambao hakuwahi kuuona: kwamba shairi laweza kuwa mazungumzo ya watu, na watu hao wakasimama wakaishi mbele ya msomaji. Akaandika tamthilia yake ya kwanza, ikizungumzia hali ya nchi yake ya Hadhramaut, halafu mwaka 1934 akaingia Misri.

Tungetarajia kijana wa madrasa ya Seiyun aelekee moja kwa moja Azhar. Yeye akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Cairo, idara ya lugha ya Kiingereza. Bakathir mwenyewe alikisimulia baadaye kisa cha darasani siku hizo. Mwalimu wake Mwingereza aliwaambia wanafunzi kwamba shairi lisilofungwa na kina ni fahari ya Kiingereza, na kwamba Kiarabu hakiliwezi. Mhadhrami akamjibu kwamba si desturi ya Kiarabu kweli, lakini hakuna kinachokizuia. Mwalimu hakumkubalia. Basi Bakathir akarudi kwake, akaifasiri tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet kwa mashairi ya aina hiyohiyo kwa Kiarabu, mwaka 1936. Miaka miwili baadaye akaandika tamthilia yake mwenyewe juu ya Firauni Akhnaton kwa njia ile. Wengi wanaoijua fani ya ushairi wa Kiarabu humtaja kuwa miongoni mwa waliotangulia kufungua njia ya shairi huru, kabla ya washairi wa Iraq waliokuja kupata sifa nayo.

Alimaliza chuo mwaka 1939, akachukua diploma ya ualimu mwaka uliofuata, na kwa miaka kama kumi na mitano akala mkate wake kwa kusomesha, kwanza katika mji wa Mansoura kisha Cairo. Asubuhi mwalimu wa Kiingereza. Vitabu vilipata saa zilizobaki. Katika saa hizo alitoa tamthilia nyingi kuliko anavyoweza mtu kuzikumbuka kwa mara moja, na riwaya sita, zote za kihistoria. Mwaka 1955 akahamia ofisi ya sanaa ya serikali, chini ya mwandishi Yahya Haqqi, akawa anafanya kazi jengo moja na Naguib Mahfouz.

Hawa wawili walikwisha kujuana kitambo. Katika ujana wao waligawana zawadi moja ya riwaya, zawadi ya Bibi Qut al-Qulub al-Dimardashiyya, Bakathir kwa riwaya yake ya Sallamat al-Qass na Mahfouz kwa riwaya iliyotokana na zama za mafirauni. Mahfouz aliandika riwaya tatu za mafirauni kisha akaiacha tarehe, akaingia katika vichochoro vya Cairo, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Bakathir hakuiacha tarehe. Katika kitabu alichoandika juu ya sanaa ya tamthilia kutokana na uzoefu wake, anaeleza kuwa mambo ya kale yamekwisha kuchujwa na wakati, vumbi limetulia, na mwandishi anaweza kuchagua la maana na kuliacha lisilo na maana.

Tuje sasa katika kitabu kilichomfanya ajulikane kila nyumba ya Waarabu: Wa Islamah, kilichotoka katikati ya miaka ya 1940, kikapata zawadi ya Wizara ya Elimu ya Misri na kisha kusomeshwa katika shule za sekondari za nchi hiyo kizazi baada ya kizazi. Jina lake ni ukelele wa kilio, ni kama mtu anayesema, "Ole kwa Uislamu wangu!" Mwanzoni mwa kitabu mwandishi ameweka aya ya 24 ya Suratut-Tawba, ile inayowapima wazazi, watoto, wake, mali na maskani kwa mizani ya kumpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake na kupigana katika njia yake. Ilikuwa desturi yake kuzifungulia kazi zake kwa aya, na hakuitia kwa pambo. Riwaya nzima ni maelezo ya aya hiyo.

Tarehe inatupa nini hapa? Inatupa kwamba Wamongoli waliivunja dola ya Khawarizm. Kwamba Sultani Jalaluddin alizidiwa kwenye ukingo wa mto Indus mwaka 1221. Kwamba Baghdad ilianguka mwaka 1258 na khalifa akauawa. Na kwamba tarehe 25 Ramadhani mwaka 658 Hijria, sawa na tarehe 3 Septemba 1260, jeshi la Misri chini ya Sultani Saifuddin Qutuz liliwashinda Wamongoli pale Ain Jalut, katika ardhi ya Palestina. Wanahistoria wamenukuu pia kwamba safu moja ya Waislamu ilipotikisika, Qutuz aliitupa kofia yake ya chuma chini, akapiga ukelele huohuo uliokuja kuwa jina la kitabu, akajitosa yeye mwenyewe.

Halafu kuna habari nyingine ndogo, mistari michache tu katika vitabu vya wakale. Inasimuliwa kwamba Qutuz alipokuwa mtumwa mdogo huko Damascus, bwana wake alimpiga na kuwatukana wazee wake. Mtoto akalia mchana kutwa. Alipoulizwa analilia kofi, akasema halilii kofi, analilia baba na babu yake waliotukanwa nao ni bora kuliko aliyewatukana. Wakamwuliza baba yake ni nani kama si kafiri. Akasema yeye ni Mwislamu mtoto wa Mwislamu, Mahmud mwana wa Mamdud, na mjomba wake ndiye Sultani wa Khawarizm.

Mwanahistoria anaiandika habari hiyo, anaitaja sanadi yake, anaendelea na mengine. Bakathir alisimama hapo. Ikiwa mtoto huyu kweli ni wa nyumba ya Jalaluddin, alifikaje katika soko la watumwa? Nani alimtoa mtoni siku ile ya Indus, ambayo inasimuliwa kwamba sultani aliwazamisha wanawake wa nyumba yake wasije wakatekwa? Nani alimfundisha kusema kwamba yeye ni Mwislamu mtoto wa Mwislamu? Tarehe imenyamaza, na katika ukimya huo riwaya ikazaliwa. Mwandishi akamwekea Mahmud mwenzake wa utotoni, binti wa Jalaluddin aitwaye Jihad. Wote wawili wanatekwa, wanauzwa, wanabadilishwa majina, wanatenganishwa, kisha wanakuja kukutana Misri katika kasri ya Shajaratud-Durr na kuoana. Wanasimama pamoja Ain Jalut. Anapoanguka na kufa mkononi mwa mumewe, naye analia kwa ajili ya mke na mpenzi wake, yeye ndiye anayemkemea na kumwambia alie kwa ajili ya Uislamu.

Kijana mmoja katika darasa letu alipata kutuuliza kaburi la Jihad liko wapi, ili siku akijaaliwa kufika Palestina alizuru. Tukamwambia hana kaburi, kwa sababu hakuzaliwa. Alihuzunika kama aliyefiwa. Hapo mzazi anaona nguvu ya sanaa hii na hatari yake kwa pamoja. Binti ambaye hakuwahi kuishi amemfundisha kijana yule maana ya aya kuliko hotuba zetu kumi. Lakini bila ya mtu wa kumwambia, angeliwafundisha wanawe kwamba ni tarehe.

Bakathir alichunga mipaka. Yale ambayo wanahistoria wameyathibitisha hakuyapindua. Yumo Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, na fatwa yake ni ileile iliyomo vitabuni: kwamba mtawala hana ruhusa ya kuwatoza raia kwa ajili ya vita mpaka yeye na maamiri wake wautoe kwanza utajiri wao, mikanda ya dhahabu na vyombo vya fahari, wabaki na farasi na silaha, wawe sawa na watu wa kawaida. Hakumtia sheikh maneno yasiyomstahiki. Pale alipobuni, alibuni mtu asiyekuwepo, wala hakumzushia jambo zito mtu aliyekuwepo.

Isipokuwa mahali pamoja, na hapo tunaona kalamu yake ilielemewa na huruma. Tarehe inasema kwamba hazikupita siku nyingi baada ya ushindi, katika njia ya kurudi Misri, Qutuz aliuawa na kundi la maamiri wakiongozwa na Baibars, huyohuyo aliyepigana bega kwa bega naye. Wanahistoria wanataja kwamba Baibars alitaka ugavana wa Halab, akanyimwa. Katika riwaya, Qutuz aliyefiwa na mke ameichoka dunia na amekusudia kumwachia Baibars usultani wote, ndiyo maana anamnyima Halab. Baibars hajui, anamuua, kisha anajuta na kusamehewa. Ni ukurasa wenye kuliza. Lakini ni dawa iliyotiwa asali nyingi. Mauaji ya kiongozi kwa ajili ya cheo ni maradhi yaliyousumbua umma wetu tangu karne ya kwanza, na msomaji kijana ana haki ya kuyaona kwa jina lake. Baibars alikuwa shujaa mkubwa na alifanya mema mengi baada ya hapo. Hayo yote yanaweza kusemwa pamoja na hili.

Wako waliotangulia kuandika riwaya za namna hii kwa Kiarabu, na mashuhuri wao ni Jurji Zaydan, Mkristo aliyezaliwa Beirut mwaka 1861 na kufariki Cairo mwaka 1914. Alianzisha jarida la al-Hilal mwaka 1892 na ndani yake akachapisha riwaya zaidi ya ishirini juu ya tarehe ya Uislamu. Alidai kwamba kwake tarehe ndiyo hakimu na hadithi ni mtumishi wake. Wanavyuoni wengi hawakuridhika, kwani makhalifa na maamiri katika riwaya zile huonekana zaidi katika njama za makasri na visa vya mapenzi. Mwaka 1910 alipoteuliwa kufundisha tarehe ya Kiislamu katika Chuo Kikuu cha Misri, malalamiko yalikuwa makubwa mpaka uteuzi ukafutwa. Tuseme haki: Waarabu wengi walipenda kusoma tarehe yao kwa sababu ya Zaydan. Ila kumlalamikia ni rahisi kuliko kuandika kilicho bora, na Bakathir alichagua kuandika.

Tazama namna alivyolishika jambo la mapenzi, ambalo ndilo kikwazo cha wengi. Sallamat al-Qass inatokana na habari ya mchamungu wa Makka, Abdurrahman bin Abi Ammar, aliyeitwa al-Qass, yaani mtawa, kwa wingi wa ibada zake. Moyo wake ukaangukia kwa Sallama, kijakazi mwimbaji. Vitabu vya adabu vinasimulia kwamba walipokuwa faragha naye akamkaribisha, alijizuia kwa kuikumbuka aya ya Suratuz-Zukhruf inayosema kwamba marafiki siku hiyo watakuwa maadui wao kwa wao isipokuwa wachamungu. Hakutaka mapenzi yao yageuke uadui Akhera. Juu ya habari hiyo fupi Bakathir akajenga riwaya nzima ya mtu anayependa kwa dhati na anayemwogopa Mola wake kwa dhati. Kisha waliotengeneza filamu wakaichukua mwaka 1945, wakamtia Umm Kulthum aimbe, na watu wengi wakaikumbuka sauti wakausahau uchamungu. Mwandishi hana mamlaka juu ya watakayofanya wengine na kitabu chake.

Wala sisi Waswahili tusidhani mas'ala haya ni ya Waarabu peke yao. Bibi zetu walikesha wakisomewa tenzi za maghazi. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, unasimulia vita vikali baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, damu na panga. Sira sahihi inatwambia kuwa mwaka wa tisa Hijria Mtume (S.A.W.) alitoka na jeshi mpaka Tabuk, hakumkuta adui, akarejea bila ya kupigana. Watunzi wetu walikuwa watu wa elimu na dini, na walichanganya Muta na Tabuk na mengine ya kubuni ili nyoyo za wasikilizaji zipae. Mwalimu wa chuo ndiye aliyekuwa akikaa kando ya msomaji, akisahihisha palipohitaji kusahihishwa. Tenzi hazikuwadhuru wazee wetu, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuuliza. Leo tamthilia inaingia sebuleni na hakuna aliyekaa kando. Baba yuko kazini, mama jikoni, mwalimu hajui watoto wanatazama nini. Mzazi aliye na dakika kumi baada ya kipindi, au baada ya sura moja ya kitabu, amwulize mtoto: huyu alikuwepo kweli? Umejuaje? Twende tukamtafute katika kitabu cha tarehe.

Maisha ya Bakathir yalimalizikia katika upweke fulani. Katika miaka ya 1960 upepo wa fikra huko Misri ulivuma upande mwingine, na tamthilia zake zikawa haba majukwaani. Riwaya yake ya al-Thair al-Ahmar, juu ya Hamdan Qarmat na uasi wa Maqaramita katika mashamba ya Kufa, ilikuwa imewaudhi wengi: ilimwonyesha mkulima aliyedhulumiwa na matajiri akakimbilia kwa wanaoahidi usawa, kisha akakuta dhulma mpya. Watu wa mrengo wa kushoto hawakupenda kujiona humo, na wenye mashamba nao hawakuwa na sababu ya kumshukuru.

Hakuacha kuandika. Alipopewa likizo ya miaka miwili kutoka kazini ili aandike tu, mwanzoni mwa miaka hiyo, aliitumia kwa kazi moja: tamthilia ndefu juu ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), yenye sehemu kumi na tisa, tangu siku aliyopokea ukhalifa mpaka kuuawa kwake. Mwaka 1968 alirudi Hadhramaut kuizuru Seiyun ya utoto wake. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Novemba 1969, sawa na siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 1389, alifariki Cairo akiwa na miaka hamsini na minane. Akazikwa katika makaburi ya Imam Shafii, katika ardhi ya jamaa wa mkewe Mmisri, na vitabu kadhaa alivyoviacha havikuwa vimechapishwa.